Korbani: Sadaka katika Hekalu la Yerusalemu na Kanisa la Mwanzo

Wazee wetu na mama zetu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya sadaka na dhabihu katika ibada ya Wayahudi wa kale na ya Wakristo wa mwanzo. Naomba nianzie mlangoni kwako.

Mtu akifika kwako anabisha hodi, nawe unaitikia karibu. Neno hilo tumelichukua kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za tumbo moja. Waebrania wana mzizi huohuo, k-r-b, na kutokana nao wanapata kitenzi cha kusogea karibu. Wanapata pia jina la kitu anachokwenda nacho mtu anapomsogelea Mungu: korban. Ndiyo ile Korbani tunayoisoma katika Marko sura ya 7. Kwa hiyo Mwisraeli aliyepandisha mlima wa Hekalu akimvuta mbuzi alikuwa anabisha hodi, na mbuzi yule ndiye hodi yenyewe.

Na haliko peke yake. Dhabihu tunayoitaja kila Jumapili kwao ni zevakh. Madhabahu ni mizbeakh. Kafara ni ndugu wa kipper, neno lililoipa jina Siku ya Upatanisho, Yom Kippur. Sadaka ni ndugu wa tsedaka, ambayo kwa Kiebrania ni haki kwanza, kisha ndipo ikawa kumpa maskini. Msomaji wa Kiswahili anafungua Mambo ya Walawi akiwa na funguo mfukoni ambazo wasomaji wengi duniani hawanazo, na inanisikitisha kwamba hatuzitumii.

Sisi tukifika kwenye habari ya sadaka tunaingia na methali: mkono mtupu haulambwi. Mpe Mungu akupe, mwongeze akuongeze. Nilikaa katika ibada moja, sitasema wapi, ambako bahasha ziligawiwa kwa rangi, kila rangi na ukubwa wa muujiza wake. Mama aliyekaa mbele yangu alihesabu noti zake mara mbili, akazitia zote. Tulipotoka nikamsikia akimwambia mwenzake kwamba ile ilikuwa kodi ya chumba. Tangu siku hiyo nimeisoma Torati nikitafuta mahali mafundisho yale yanapotoka, na sijapaona.

Ni kweli, Torati inasema mtu asihudhurie mbele za Bwana mikono mitupu. Hata sisi hatuendi ukweni mikono mitupu. Lakini anayempelekea mama mkwe sukari na kanga hanunui kitu pale. Anajionyesha kwamba amekuja kama mtu wa nyumba ile.

Tuone basi mambo yalivyokwenda. Tumchukue mtu aliyetoka katika ugonjwa mkubwa, anataka kutoa sadaka ya shukrani, ambayo ni aina mojawapo ya sadaka za amani. Analeta mnyama asiye na kilema. Anaweka mkono juu ya kichwa chake. Kisha anachinja, na hapa wengi hushangaa, kwa sababu katika Mambo ya Walawi anayechinja ng'ombe, kondoo au mbuzi wake ni mwenye sadaka. Kazi ya kuhani inaanzia kwenye damu: anaikinga, anaipeleka, anainyunyiza kuzunguka madhabahu. Mafuta yanayofunika matumbo, pamoja na figo, yanateketezwa. Kidari na paja la kulia ni vya makuhani. Nyama yote iliyobaki inarudi kwa mwenyewe.

Ninyi mliokulia kwenye mifugo mmeshaona kinachofanyika hapa. Nyama ya shughuli haigawiwi ovyo. Kuna kipande cha mzee wa ukoo, kuna cha mjomba, kuna cha aliyeshika kisu, na mgeni akitazama tu vipande vinakokwenda anaujua ukoo mzima bila kuambiwa. Walawi sura ya 7 ni mgawo wa namna hiyo, na Mungu amehesabiwa ndani yake.

Halafu linakuja sharti ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Nyama ya sadaka ya shukrani lazima iliwe siku ileile, isibaki hata kipande mpaka asubuhi. Pamoja na nyama kulikuwa na mikate, na Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika karibu mwaka 200 BK, inaihesabu kuwa 40: minne ya kuhani, 36 ya mwenye sadaka. Pigeni hesabu wenyewe. Kondoo mzima, mikate 36, na giza linaingia. Mtu na mkewe na watoto wao hawawezi kumaliza. Itabidi atoke nje aite jirani, jirani amwite shemeji yake, na wakikosekana aite hata mpita njia. Walimu wa Kiyahudi waliliona hilo zamani, wakasema muda uliwekwa mfupi makusudi ili mwenye shukrani asile peke yake. Kila anayenawa mikono atauliza, ndugu, umepona nini? Naye atasimulia. Kumbukumbu la Torati inawataja hata wa kualikwa kwenye furaha za namna hiyo: mtumwa, Mlawi, mgeni, yatima na mjane.

Nikae kidogo kwenye damu, maana hapo ndipo tunapopotea zaidi. Tumezoea kufundishwa kwamba mnyama aliadhibiwa badala ya mtu, kwamba hasira ilikuwa inatafuta pa kushukia ikamshukia mbuzi. Someni sura saba za kwanza za Walawi polepole. Kuchinja kunatajwa kwa neno moja, kisha habari inasonga mbele. Hakuna anayemlaani mnyama wala anayemkasirikia. Maneno mengi yako kwenye damu: inapakwa wapi, inanyunyizwa wapi, inamwagwa wapi. Sababu yake iko sura ya 17, kwamba uhai wa mwili umo katika damu. Kinachofikishwa madhabahuni, basi, ni uhai. Ndiyo maana Mwisraeli alikatazwa kabisa kula damu, iwe ya mnyama wa sadaka au wa kitoweo cha nyumbani, kwa kuwa uhai una mwenyewe.

Na angalieni jambo hili: mnyama ambaye kuhani mkuu anaungama dhambi za watu wote juu ya kichwa chake ni yule mbuzi wa Azazeli katika Siku ya Upatanisho. Huyo Torati haisemi achinjwe. Anapelekwa nyikani akiwa hai.

Sisemi kwamba mmoja kubeba mzigo wa wengi ni jambo geni katika Maandiko. Limo, someni Isaya 53. Nasema kwamba ukiingia kwa Walawi na wazo la adhabu peke yake, utaona kisu na hutaona meza.

Neno kafara nalo tumelitia giza. Leo likitajwa mtaani watu wanashtuka. Wanafikiria utajiri wa kishirikina, mtu kumtoa ndugu yake ili duka lisimame. Torati na manabii walikataa jambo hilo kwa ukali usio na mfano, na Yeremia anamnukuu Mungu akisema kuwateketeza watoto katika bonde la Hinomu ni kitu ambacho hakukiagiza wala hakikuingia moyoni mwake. Kipper ya Kiebrania ni kazi ya usafi na upatanisho. Katika Siku ya Upatanisho kuhani mkuu anaingia Patakatifu pa Patakatifu kwa mavazi ya kitani na moshi wa uvumba, ananyunyiza damu kwenye kiti cha rehema, na sura ya 16 inasema anapafanyia upatanisho mahali patakatifu kwa sababu ya uchafu wa wana wa Israeli. Yaani dhambi iliyofanyika sokoni inachafua nyumba ya Mungu aliyekaa katikati ya mji, na nyumba lazima isafishwe ili Mwenyeji aendelee kukaa.

Kuna sadaka moja ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila ofisi ya umma. Ni sadaka ya hatia. Mtu amemdhulumu mwenzake, amekana amana aliyowekewa au ameapa uongo. Akija kwa kuhani na kondoo dume, haitoshi. Anarudisha alichochukua kizima, na juu yake anaongeza sehemu ya tano. Ulichukua laki, unarudisha laki na elfu ishirini, tena mkononi mwa mwenyewe. Hapo ndipo kondoo wako anapokelewa. Na kwa anayetenda kwa mkono wa kiburi, anayemtukana Mungu akijua afanyalo, kitabu cha Hesabu hakimwekei mnyama wa aina yoyote. Hakukuwa na bahasha ya rangi hiyo.

Upande wa pili, tazameni alivyowekewa njia maskini. Sadaka ya dhambi ya mtu wa kawaida ni mbuzi jike au kondoo jike. Walawi sura ya 5 inaendelea, kwa makosa inayoyataja: asipoweza, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asipoweza hata hao, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga mzuri, lita mbili hivi, bila mafuta na bila ubani. Unga! Bila tone la damu, na andiko linasema atasamehewa. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania aliijua Torati yake vizuri, kwa hiyo anapoandika habari za damu katika sura ya 9 anasema karibu vitu vyote husafishwa kwa damu. Katika ile karibu yake kuna nafasi ya mama mwenye unga wake kwenye kitambaa. Na Mariamu alipompeleka mtoto Yesu Hekaluni, Luka anataja ndege wawili, sadaka ya wasioweza mwana-kondoo. Miaka mingi baadaye mwanawe anapopindua meza Hekaluni, Marko anataja na viti vya wauza njiwa. Njiwa walikuwa sadaka ya watu kama mama yake.

Sadaka ya kila siku naipita upesi. Mwana-kondoo mmoja asubuhi, mwingine jioni, pamoja na unga, mafuta na divai, siku zote za mwaka, na chumvi kwenye kila kitu. Wanyama hao waliteketezwa wazima, na jina la sadaka hiyo kwa Kiebrania, ola, maana yake ni kile kinachopanda juu.

Mtaniuliza, na manabii je? Si walizipinga sadaka? Hosea anasema Mungu anataka fadhili wala si sadaka. Amosi anasema Mungu amezichukia sikukuu zao. Lakini soma Isaya sura ya 1 mpaka mwisho wa hoja yake. Anayekataa mafahali pale anakataa na maombi pia: mkunjuapo mikono yenu nitaficha macho yangu, kwa sababu mikono hiyo imejaa damu. Hakuna aliyewahi kusema Isaya alifuta sala. Alichokataa ni mtu kubisha hodi kwa baba huku amemfungia nje mtoto wa baba huyohuyo.

Nataka mwone pia jinsi watu walivyoumia walipokosa sadaka, na mfano wangu unatoka hapa hapa Afrika. Kwenye kisiwa cha Elephantine katika mto Nile, karibu na Aswan, palikuwa na askari wa Kiyahudi waliowatumikia Waajemi, nao walikuwa na hekalu lao. Mwaka 410 KK hekalu hilo likabomolewa kwa uchochezi wa makuhani wa mungu wa Kimisri Khnum. Mwaka 407 KK walimwandikia gavana wa Yudea, na barua hiyo ya mafunjo imepatikana. Wanamweleza kwamba tangu siku ile wamevaa magunia na kufunga, wake zao wamekuwa kama wajane, hawajipaki mafuta wala hawanywi divai, na unga, uvumba na sadaka za kuteketezwa hazijatolewa tena. Jibu lililopatikana linawaruhusu kujenga upya na kutoa unga na uvumba. Sadaka za kuteketezwa halizitaji. Watu wale hawakulilia nyama. Mlango wao wa kubishia hodi ulikuwa umevunjwa.

Yerusalemu nayo ikafikwa. Mwaka 70 BK majeshi ya Kirumi chini ya Tito yaliuzingira mji, na Yosefo, mwanahistoria aliyekuwepo upande wa Warumi, anaandika kwamba katikati ya mzingiro sadaka ya kila siku ilikatika. Wiki chache baadaye Hekalu likaungua. Mapokeo ya Kiyahudi yanasimulia kwamba Rabi Yohanan ben Zakai alikuwa akitoka Yerusalemu na mwanafunzi wake Yoshua, na Yoshua alipoyaona magofu akalia: ole wetu, mahali palipofanyiwa upatanisho wa dhambi zetu pamekuwa ukiwa. Mwalimu akamwambia, mwanangu usihuzunike, tunao upatanisho mwingine ulio sawa na huo, nao ni matendo ya fadhili. Akamsomea Hosea. Baadaye Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi uliofuata Mishna, ikasema kwamba Hekalu liliposimama madhabahu ndiyo iliyompatanisha mtu, na sasa ni meza yake, kwa kuwa kwenye meza hiyo maskini hulishwa. Sala za asubuhi na alasiri zikashika saa za wale wana-kondoo wawili. Wasamaria mpaka leo huchinja kondoo wa Pasaka kila mwaka juu ya mlima Gerizimu.

Wakristo je? Tunadhani waliziacha sadaka siku ileile ya msalaba. Matendo ya Mitume haisemi hivyo. Petro na Yohana wanapanda Hekaluni saa ya kusali, saa tisa, ambayo ndiyo saa ya sadaka ya jioni. Na Paulo, katika sura ya 21, miaka mingi baada ya kuongoka kwake, anaingia Hekaluni na watu wanne wenye nadhiri na kuwagharamia, na ukisoma Hesabu sura ya 6 utaona gharama hizo ni pamoja na wana-kondoo. Paulo huyohuyo ndiye aliyewaandikia Wakorintho kwamba Pasaka wetu amekwisha kutolewa, ndiye Kristo. Hakuona mgongano. Waebrania ndiyo inayolisema jambo lote kwa ukamilifu: Kristo ameingia mara moja tu, kwa damu yake mwenyewe, na kwa sababu hiyo na tukaribie. Neno lile lile, tukaribie. Halafu sura ya 13 inataja dhabihu zilizobaki, ambazo ni sifa ya midomo, kutenda mema na kushirikiana.

Wazo la mkate na divai kuwa shukrani lina mizizi humo humo. Neno ekaristi ni Kigiriki, maana yake shukrani. Marabi wana usemi kwamba nyakati zijazo sadaka zote zitakoma isipokuwa ya shukrani, na nikiusoma usemi huo nawaona wale walioitwa kula kondoo kabla ya asubuhi.

Wapagani waliokaa jirani na Wakristo hawakuwaelewa. Dini bila kuchinja ilikuwa kitu gani? Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wa dola yote watoe sadaka kwa miungu, na kule Misri zimepatikana hati zaidi ya 40 za wakati huo, ambamo mtu anathibitishiwa kwamba amemimina kinywaji na kuonja nyama ya sadaka mbele ya tume. Kuna waliokubali hati hiyo, na kuna waliokufa wakiikataa. Hawakufa kwa sababu nyama ni kitu kibaya. Walijua anayekula mezani ni mtu wa nyumba, na kwamba mtu hawi na nyumba mbili.

Karibu mwaka 155 Yustino Shahidi aliandika kutoka Roma jinsi Wakristo walivyokutana Jumapili. Wanasoma, wanasali, wanaleta mkate na divai na maji, kiongozi anatoa shukrani, wote wanakula. Mashemasi wanawapelekea fungu lao wasiokuwepo. Kisha kila mwenye nacho anatoa kadiri apendavyo, na kinachokusanywa kinawekwa kwa kiongozi. Je, kinakwenda wapi? Yustino anaorodhesha: yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa, wageni walio safarini. Polikarpo, askofu wa Smirna, alikwenda mbali zaidi. Katika barua yake kwa Wafilipi anawaita wajane madhabahu ya Mungu. Nawaza juu ya mama yule wa kodi ya chumba. Kwa maneno ya Polikarpo, siku ile walikuwa wakiitoza madhabahu.

Na kuna kitabu kidogo, Didake, yaani Mafundisho, cha mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2. Kinawaambia Wakristo wakutane siku ya Bwana, waungame kwanza, waumege mkate, ili sadaka yao iwe safi. Mwenye ugomvi na mwenzake asiingie mpaka wapatane. Agizo hilo linaturudisha kwa Yesu mwenyewe katika Mathayo sura ya 5: ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, uende upatane naye kwanza.

Sasa sikilizeni neno hilo kwa masikio ya watu waliokaa mbele yake siku ile. Walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa moja tu, Yerusalemu. Yosefo anasema safari hiyo kwa njia fupi ya Samaria ilichukua siku tatu. Mtu ametembea siku tatu na mwana-kondoo wake. Amepanga foleni, amefika mbele, kuhani amekwisha nyoosha mikono. Hapo ndipo anamkumbuka ndugu yake. Anamfunga mnyama pembeni, anashuka ngazi za Hekalu, na anashika njia ya kaskazini. Siku tatu kwenda, kuketi na ndugu yake na kuongea yote, kisha siku tatu kurudi. Mwana-kondoo bado yuko pale, analia mbele ya madhabahu, na Mungu anangoja.